Yai, kuku, jibini au mabuu: kasuku apewe kipi?

Mlezi_wa_Kijivu: Wadau, habari zenu. Nina kasuku wa kijivu, anakula peleti (punje za chakula cha ndege cha kiwandani), mboga za majani na mbegu kidogo. Sasa anapukutisha manyoya na mapya yanachipua. Kwa kuwa unyoya karibu wote ni protini, nataka kumwongezea kitu cha mnyama. Nasita kati ya yai la kuchemsha, nyama ya kuku, jibini na mabuu yaliyokaushwa. Wenu mnawapa nini, na kiasi gani?

BawaJekundu: Yai, mkuu. Mbegu zina upungufu wa lisini na methionini, yaani viungo vya kujengea protini, na manyoya hayatengenezwi vizuri bila hizo. Yai linazo zote mbili. Lichemshe mpaka kiini kikauke, liponde, mpe kijiko kimoja cha chai mara moja au mbili kwa wiki. Zima ni kubwa mno: lina protini kama gramu 6, na ndege wako ana gramu 400 hadi 500 tu. Yakipita masaa mawili, toa mabaki.

MamaKokateli: Ni jike au dume? Nauliza kwa uchungu. Jike langu la kokateli (kasuku mdogo mwenye kishungi) nilimpa yai karibu kila siku nikidhani namjenga, akaanza kutaga mfululizo na dume hakuna. Chakula kinono huuambia mwili kwamba msimu wa kuzaa umefika. Kila yai analotaga huchota kalsiamu mifupani, na linaweza kumkwama. Sitasahau usiku nilipomkuta amejikunyata sakafuni mwa tundu, amevimba manyoya, hataki hata kuitika jina lake. Nilisimamisha mayai, nikapunguza saa za mwanga, akatulia.

NdegeNaMie: Wangu hula kuku: kipande kidogo kilichoiva vizuri, bila chumvi, viungo wala ngozi. Zamani nilimpa na mfupa avunje atafute uboho, lakini mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali, nikaacha. Watu hutaja kea, kasuku wa New Zealand anayedonoa mafuta ya kondoo hai. Kweli, ila kea ni kea, wa kijivu ni mwingine.

TunduSafi: Jibini achana nalo. Ndege hawezi kumeng'enya sukari ya maziwa. Jibini gumu lina kidogo, lakini chumvi na mafuta ni mengi, na kasuku wa kijivu wanasumbuliwa sana na mishipa ya damu kuziba. Mabuu nayo yana mafuta, mawili matatu yanatosha. Kubwa zaidi: peleti zina protini tayari! Kama ndizo chakula chake kikuu, hana pengo kubwa la kuziba. Figo zikiwa na hitilafu, protini ya ziada itamwumiza, kwa hiyo apimwe damu kwanza.

Mlezi_wa_Kijivu: Asanteni sana. Ni dume. Nitampeleka apimwe, majibu yakiwa mazuri nianze na nusu kijiko cha yai kwa wiki. MamaKokateli, giza ulimpa saa ngapi?

MamaKokateli: Saa 12 hadi 14 kila usiku, chumba kimya. Na niliondoa kisanduku alichokuwa akijificha, maana alishakifanya kiota.