Jimbo likifuta ruzuku za bangi, mji usio na duka utalipwa na nani?

Mkazi_Colorado: Wadau wa Colorado, Marekani, naombeni mnieleweshe. Huku bangi ni halali, ila kila mji unaweza kukataa maduka yake. Mji wetu ulikataa maduka ya bangi, lakini watu wananunua mji jirani, dakika kumi kwa gari, wanarudi kuvutia huku, polisi wanaitwa huku, anayeendesha akiwa amelewa anakamatiwa huku. Kodi inabaki kule kule dukani. Sisi tunachoambulia ni hizi ruzuku za jimbo tu, hela za kusaidia gharama kama za polisi zinazoletwa na bangi, sasa jimbo likizifuta ni haki kweli?

BabaZawadi: Mkuu nakuelewa ila hela zimepungua. Maduka yalifunguliwa Januari 2014, hadi 2021 mauzo ya mwaka jimbo zima yakafika kama dola bilioni 2.2, ila 2024 yameshuka mpaka bilioni 1.4 hivi, na kodi hiyo hiyo ya bangi ujenzi wa shule nao unaisubiri. Mji uliokataa duka ulijua unakataa na kodi yake.

Dada_Springs: Kaka hapo sikubaliani kabisa. Colorado Springs miaka yote ilikuwa na bangi ya matibabu tu, watu wanapanda Manitou Springs hapo jirani kununua ya starehe, kamji kadogo kale ndo kanakula kodi mpaka wapiga kura wa Colorado Springs walipopitisha bangi ya starehe Novemba 2024 na mauzo yakaanza Aprili 2025. Na ule mgao wa miji kwenye ile kodi maalum ya jimbo ya asilimia 15 kwa bangi ya starehe ulikuwa unaenda kwenye miji yenye maduka. Ukiondoa ruzuku unauambia mji mdogo fungua duka ndo ulipe polisi wako, hiyo si kura ya hiari tena.

Mzee_wa_Shamba: Mnaongelea mijini tu. Huku kijijini shida ni watu kupanda bangi kimagendo ndani ya nyumba. 2017 walipitisha sheria ya mwisho mimea 12 kwa nyumba, na mwaka huo huo wakaanzisha ruzuku ya kupambana na magendo, kaunti za vijijini zikipewa kipaumbele. Sherifu mwenye askari wachache atavamia nyumba hizo na nini? Kama lazima wakate waanzie kwenye miji yenye maduka, yenyewe ina kodi yake.

Mkazi_Colorado: Asante mzee, hilo la kuanzia miji yenye maduka nalibeba. Kikao cha baraza letu ni Jumanne, nitawaomba watoe hesabu ya simu za polisi zinazohusu bangi kwa mwaka, maana bila hiyo hata seneta wetu wa jimbo hatuna cha kumwonyesha.