Alkaloidi za kwenye mizizi hazionekani, nakosea wapi?

chipukizi_09
Wakuu naombeni msaada, wiki ya pili nimekwama. Nachambua mizizi ya mmea wa dawa, natafuta alkaloidi, zile kemikali za mimea zenye nitrojeni na tabia ya besi. Nimekausha kwenye ovena 105°C usiku kucha, nikasaga, nikaloweka unga kwenye methanoli siku tatu, nikachuja nikaivukiza, ile lami iliyobaki nikaiyeyusha kwenye asidi hafifu nikatikisa na klorofomu, nikadondosha hiyo klorofomu kwenye sahani ya silika ya kutenganishia kemikali, nikapulizia Dragendorff, ile dawa ya kuonyesha alkaloidi kwa rangi ya chungwa. Hakuna hata doa moja la rangi ya chungwa! Au Dragendorff imeharibika?

dada_pipeti
Pole mdogo wangu. Yale maji ya asidi umeyapeleka wapi? Maana alkaloidi ikikutana na asidi inakuwa chumvi, na chumvi inakaa kwenye maji, haihamii kwenye klorofomu. Hiyo klorofomu yako imebeba mafuta na rangi tu. Hiyo ndo ya kutupa, maji unabaki nayo, unatia amonia kidogo kidogo hadi pH 9 au 10, halafu unatikisa na klorofomu mpya, hapo ndo zinahama. Ila usitikise kwa nguvu, geuza faneli ya kutenganishia taratibu, mizizi yenye saponini, kemikali zinazotoa povu kama sabuni, inatoa povu zito katikati na matabaka hayaachani hadi kesho.

mzee_wa_silika
Dada kamaliza. Mimi nina shida na hiyo 105 jamani, hilo ni joto la kupimia unyevu, sio la kukaushia sampuli ya kuchambua! Kata vipande vyembamba anika kivulini penye hewa, au ovena isizidi 40. Tangawizi tu ukiipiga joto jinjeroli, kemikali za ukali wake, zinageuka kemikali nyingine, shogaoli, unajikuta unapima kitu ambacho kwenye mzizi mbichi kilikuwa kidogo sana. Na gome la mzizi usimenye, mara nyingi mali iko humo. Kama unatafuta berberini, ile alkaloidi ya njano, ujue yenyewe inabaki kwenye maji hata ukitia amonia, iangalie kwa taa ya UV ya 365 inang'aa njano.

chipukizi_09
Mungu awabariki! Maji mengi nilishamwaga ila kuna kidogo yalibaki chupani, leo nimetia amonia, madoa mawili ya chungwa, la chini limekolea kabisa. Mizizi mingine nishaianika kivulini. Sasa kiasi chake nitakijuaje?

dada_pipeti
Doa halikwambii kiasi. Hapo ni HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali na kupima kiasi cha kila moja, na uwe na alkaloidi hiyohiyo ikiwa safi, uipime kwa vipimo kama vitano kutoka kidogo hadi kingi uchore mstari, ndo usome sampuli yako humo. Tumia hiyo ya kivulini, ile ya 105 iache.