Mama anakuja Paris, wakwe wanatupeleka brasserie (mgahawa wa Kifaransa), hali nguruwe wala hagusi pombe. Aagize nini?

BintiPangani:
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri muda umebana. Mama yangu anatoka Tanga anakuja Paris mwezi wa kumi, na wakwe zangu Wafaransa wanataka kumkaribisha kwenye brasserie ya kisasa, zile ambazo menyu inaandikwa ubaoni inabadilika kila msimu na mvinyo wote ni wa bio, yaani zabibu za kilimo hai. Mama nguruwe hali, pombe hata ya kupikia hapana, nyama asiyojua imechinjwaje hagusi. Wakwe ni watu wazuri sana sitaki wajisikie vibaya, na mama sitaki akae anatafuna mkate tu. Halafu wameniambia chupa nichague mimi, na mimi sijui hata pa kuanzia.

Mpishi_Lyon:
Dada mimi nipo jikoni huku. Pombe kwenye brasserie imo mpaka kwenye masufuria, boeuf bourguignon (ng'ombe) na coq au vin (kuku) zinapikwa na mvinyo mwekundu, moules marinière ni kome wamepikwa na mvinyo mweupe, supu ya vitunguu nayo mara nyingi inatiwa. Nguruwe ndo anajificha zaidi, wanaita lardons, vipande vidogo vidogo wanarushia kwenye saladi, wengine hata juu ya supu ya boga. Choucroute, kabichi chachu na nyama za nguruwe, msiisogelee kabisa. Muagizie sole meunière, samaki anapakwa unga anakaangwa kwa siagi, juu limao na majani ya parsley basi. Na mwezi wa kumi ndo coquilles Saint-Jacques, aina ya kombe wa baharini, zinaanza, uvuvi unafunguliwa tarehe 1 Oktoba, mtu wa pwani aliyekulia chaza na pweza atazipenda, ila sosi uliza kwanza.

UmmuMarseille:
Assalaam alaykum. Usisubiri mfike mezani, sema siku ile ile mnabuki: sans porc, sans alcool, même dans la sauce (bila nguruwe, bila pombe, hata kwenye sosi). Majiko haya ya msimu yananunua kidogo kidogo, mpishi akijua mapema anamuandalia mama sahani yake, akiambiwa saa mbili usiku watu wamejaa atabaki kukuondolea vitu tu. Kitamu tarte tatin ya matofaa, baba au rhum na crêpes Suzette zina pombe. Maji omba carafe d'eau, jagi la maji ya bomba, bure kisheria.

Kibo75:
Chupa tafuta nembo ya jani lenye nyota kwenye kijani au herufi AB, hiyo ni bio iliyokaguliwa. Vin nature, mvinyo wa asili usiotiwa vitu vingi, ni habari nyingine, Ufaransa wana nembo ya Vin Méthode Nature tangu 2020, zabibu lazima ziwe za bio na zichumwe kwa mkono, ila baadhi zina uchachu ambao wazee wengi hawaupendi. Kwa samaki Muscadet ya bio, mvinyo mweupe, inatosha na bei yake haiumizi. Lakini dada kwa mila zetu mimi nisingeshika orodha ya mvinyo mbele ya mama mzazi. Mpe baba mkwe, mwambie yeye ndiye mtaalamu, atafurahi sana.

BintiPangani:
Mungu awabariki, hilo la baba mkwe limenitua mzigo. Kesho napiga simu. Mchana au usiku?

Mpishi_Lyon:
Mchana, siku ya kazi. Kuna formule, vyakula viwili au vitatu kwa bei moja nafuu, na huduma imeshaingizwa kwenye bei. Fikeni saa sita mchana kabla watu wa maofisini hawajajaa, hapo mhudumu ana nafasi ya kwenda kumuuliza mpishi.