Mjomba yuko kitandani, jina lake limeondolewa kwenye daftari la kanisa. Ananiuliza kama bado ameokoka. Nimjibu nini?

Mpwa_Newala

Habari zenu wakuu. Wakubwa wote shikamooni.

Naombeni ushauri wa kweli, maana jambo hili linanikosesha usingizi. Mimi nafanya kazi Mtwara mjini, kwetu ni kijijini wilaya ya Newala. Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyenilea na kunisomesha. Mnaojua mila za huku kusini mnaelewa mjomba ni nani kwa mtoto wa dada yake. Alibatizwa angali mdogo, akafundisha kwaya miaka mingi, watu wazima wengi pale kijijini wamejifunza nyimbo kwake.

Halafu mikorosho yake ikapigwa na ugonjwa wa ubwiriunga, na salfa ya kuipulizia hakuwa na uwezo wa kununua. Msimu ukapita bila kitu. Uliofuata akapata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala. Ahadi na michango ya kanisa ikasimama. Dhehebu naomba nisilitaje. Mwaka jana daftari lilipohakikiwa, jina lake likaondolewa kwenye orodha ya washirika hai. Mzee mmoja wa kanisa alipita kumweleza kwamba ikitokea amefariki, kwa hali ilivyo hakutakuwa na ibada.

Tangu hapo hana raha. Nilipokwenda kumwona aliniuliza, kwa shida maana mdomo umepinda: "Mwanangu, kama kwenye daftari simo, kwenye kitabu cha uzima nimo?" Nikashindwa kumjibu.

Binamu yangu wa Lindi anasema achana na kanisa hilo, wokovu ni wa mtu na Yesu wake, kanisa halina kazi. Hilo nalo halikunikaa. Mtu aliyeimba kanisani maisha yake yote, nimwambie kanisa halikuwa na maana?

Kibaoni

Pole mkuu. Lakini kila taasisi ina utaratibu wake. Lipeni anachodaiwa, jina litarudi, mjomba atatulia.

Mwinjilisti_wa_Shangani

Mpwa, pole sana na kuuguza. Mimi ni mwinjilisti wa Kilutheri hapa Mtwara, nitakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu swali la mjomba ni zito kuliko mnavyolidhania.

Daftari la usharika limewekwa na watu kwa kazi za watu. Mchungaji ajue awatembelee akina nani, nani apige kura, bajeti ikae vipi. Ni kazi njema, nami mwenyewe nalishika daftari kama hilo. Kitabu cha uzima anakiandika Mungu, wala hakuna mahali katika Maandiko ambapo karani wa usharika amepewa kalamu yake. Yesu aliwaambia wanafunzi wake wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni (Luka 10:20), na siku hiyo hapakuwa hata na usharika mmoja duniani.

Waefeso 2:8 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na jambo hilo ni kipawa cha Mungu. Kipawa hakidaiwi. Sisi Walutheri tuna Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Kifungu chake cha 7 kinasema kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Michango haikutajwa hapo. Si kwamba michango ni mibaya, ila siyo inayolifanya kanisa kuwa kanisa.

Ndugu Kibaoni, soma Matendo 8. Simoni wa Samaria aliamini, akabatizwa, akawa anaandamana na Filipo. Kwa leo tungesema ni mshirika hai kabisa. Alipotaka kununua karama kwa fedha, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Basi mtu anaweza kuwemo kwenye orodha na moyo wake uko mbali. Na kinyume chake kinawezekana.

Katekista_Ndanda

Tumsifu Yesu Kristo. Nakubaliana na Mwinjilisti kwa sehemu kubwa. Naongeza upande wetu Wakatoliki, maana hofu ya mjomba ina chanzo, watu wamelisikia neno "nje ya Kanisa hakuna wokovu" wakalishika nusu.

Neno hilo linatoka kwa Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago huko Afrika Kaskazini, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Wakati ule kulikuwa na mgogoro juu ya waliojitenga na Kanisa na ubatizo waliokuwa wakiutoa. Hakuwa akimsema mgonjwa asiye na hela. Mtakatifu Agostino, naye wa Afrika hiyohiyo, alikuja kueleza kwamba wengi wanaoonekana wako nje wamo ndani, na wengi wanaoonekana wamo ndani wako nje.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1964, katika hati ya Lumen Gentium, umeshikilia kwamba Kanisa ni la lazima kwa wokovu. Hatujaliacha hilo. Lakini namba 14 ya hati hiyohiyo inasema aliyemo ndani ya Kanisa asipodumu katika upendo haokoki, maana yumo kwa mwili tu, si kwa moyo. Namba 16 inaeleza kwamba hata wale ambao bila kosa lao hawajaijua Injili, wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kuupata wokovu. Sasa kama mlango huo umefunguliwa kwa asiyewahi kusikia, atafungiwaje mwalimu wa kwaya aliyelemazwa na kiharusi?

Na ubatizo haufutiki. Kwetu tunafundisha kwamba unaacha alama rohoni isiyoondoka. Hakuna kikao chenye uwezo wa kumfanya mjomba awe mtu asiyebatizwa.

Kwa binamu wa Lindi: huyo Yesu amemfahamu wapi? Mtu alimfundisha, mtu alimbatiza, kuna mtu alimfungulia Biblia. Hakuna aliyejibatiza mwenyewe. Hata hapa kwetu, misheni ya Masasi ilianza 1876, Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alipokuja kupitia Lindi na watu waliotolewa utumwani. Watu wale walikuwa wamepokonywa ukoo na nchi. Walipokelewa wakapewa mahali pa kuwa watu tena, na hiyo ndiyo kazi ya kanisa. Kwa hiyo linalomuuma mjomba si jina kwenye karatasi, ni kutolewa katika familia. Msimwambie halina maana. Lina maana sana, ndiyo sababu linauma.

Dada_Mitwero

Bwana Yesu asifiwe. Mimi nimeokoka, nasali kanisa la Kipentekoste Lindi, na kwetu tunasema wazi: kuzaliwa katika familia ya Kikristo hakukuokoi, cheti hakikuokoi. Mpwa, mwulize mjomba swali moja tu, je, anamwamini Yesu aliyekufa na kufufuka kwa ajili yake? Kama jibu ni ndiyo, Warumi 10:9 imeshamaliza. Yule mhalifu msalabani hakubatizwa wala hakutoa sadaka, na aliambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi."

Ila binamu yako ananisikitisha, na wako wengi kama yeye hata kwetu. Matendo 2 wapo elfu tatu walioamini siku moja, na hakuna aliyerudi nyumbani kuokoka peke yake. Walidumu katika fundisho, ushirika, kuumega mkate na kusali. Mstari wa 47 unasema Bwana alilizidisha kanisa kwa wale waliokuwa wakiokolewa. Anayeokolewa anaongezwa kwenye kanisa. Binamu anataka nusu ya kwanza tu.

Katekista_Ndanda

Dada, hapo kwa mhalifu msalabani nakuunga mkono. Tutatofautiana juu ya ubatizo wa watoto, lakini kwa mgonjwa huyu tusilifungue.

Dada_Mitwero

Sawa kaka, tusilifungue.

Jirani_Mikindani

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu, mambo ya imani yenu sitayaingilia. Nimesoma hapo kwenye maziko nikaona niseme. Huku kwetu msiba wa jirani ni wetu, tunachimba kaburi pamoja na tunabeba jeneza pamoja. Mwambie mzee asilale na hofu ya kuachwa peke yake. Mungu amponye.

Mpwa_Newala

Ahsanteni wote, na wewe jirani Mungu akubariki.

Jana nilimpigia simu mjomba, mama akamshikia sikioni. Nikamsomea Luka 10:20 na maneno ya Mwinjilisti kuhusu daftari. Alikaa kimya, kisha akasema jambo ambalo nataka mnisaidie: "Nimeelewa kwa Mungu. Lakini nataka kushiriki meza ya Bwana na wenzangu." Kumbe la katekista ni kweli.

Sasa ndugu tumeongea, tuko tayari kuchanga tulipe deni lote la nyuma. Tulipe?

Bibi_wa_Masasi

Wajukuu zangu, marahaba. Nimekuwa mzee wa kanisa huku Masasi muda mrefu, nimesoma yote nikawa najizuia.

Msilipe kama deni. Nasema hivi nikiwa mtu ambaye kazi yangu ni kuhimiza watu watoe, na nitaendelea kuhimiza, kwa sababu mwinjilisti anakula na bati la kanisa linavuja. Mwenye nacho asiyetoa namsema mbele ya macho yake. Lakini Paulo anawaandikia Wakorintho (2 Kor 8:12) kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Mgonjwa wa kiharusi hana. Basi hadaiwi. Mkilipa ili arudishiwe meza ya Bwana, mtakuwa mmekubali kwamba meza ile ina bei, na atakayefuata asiye na mpwa mwenye mshahara Mtwara atafanyaje?

Mkitaka kutoa, toeni baadaye, kwa shukrani, na mseme ni shukrani.

Na jambo moja linaniuma kuliko yote, nalisema kwa wazee wenzangu. Yakobo 5:14 inauliza, mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta. Wazee wanapokwenda kwa mgonjwa, Maandiko yamewapa chupa ya mafuta mkononi. Yule mzee alikwenda na orodha. Nidhamu ya kanisa ipo, nami nimeshakaa vikao vya kumtenga mtu, lakini ni kwa mwenye dhambi ya wazi anayekataa kutubu, na shabaha yake ni kumrudisha. Umaskini si dhambi wala ugonjwa si uasi.

Mpwa, usigombane na yule mzee. Nenda kwa mchungaji mwenyewe, ana kwa ana, siyo kwa ujumbe wa simu. Mwambie maneno matatu: mjomba ni mgonjwa, anaomba kutembelewa, anaomba meza ya Bwana. Mara nyingi mchungaji hajui, ameletewa orodha akaisaini. Akikataa, mwombe akuandikie sababu, upeleke kwa mkuu wake wa juu. Sidhani utafika huko.

Kibaoni

Bibi shikamoo. Nimekuelewa, la kulipa nalifuta.

Mpwa_Newala

Shikamoo bibi. Nilipanda gari Ijumaa, nikamwona mchungaji Jumamosi. Ni kama ulivyosema, hakujua kwamba mjomba ana kiharusi. Kwenye orodha iliandikwa tu kwamba hashiriki. Atakuja Alhamisi na wazee wawili, na yule mzee aliyepita atakuwemo, mjomba mwenyewe ameomba awemo. Kuhusu jina kwenye daftari amesema litapelekwa kwenye kikao, ila maziko hayatakuwa na shida.

Kuna la kuandaa?

Mwinjilisti_wa_Shangani

Bwana asifiwe. Meza ndogo yenye kitambaa safi karibu na kitanda inatosha. La muhimu zaidi: kwa kuwa mdomo umepinda, huenda mgonjwa anameza kwa shida, mwambie mchungaji mapema. Kipande cha mkate kiwe kidogo sana na kichovywe kwenye divai, mjomba ainuliwe akae wima kwa mito kabla ya kupewa, na asilazwe mara tu baada ya hapo. Waiteni na wanakwaya wake waliopo kijijini, lakini wachache, wagonjwa wa namna hii huchoka haraka.