Naomba ushauri: nipange Sinza au Mikocheni?

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mwezi ujao ninahamia Dar es Salaam kutoka Mwanza, ofisi yangu ikiwa eneo la Posta, katikati ya jiji, na nipo njia panda kati ya Sinza na Mikocheni. Sinza nimeipenda kwa uchangamfu wake, maana hata saa sita usiku hukosi chipsi na mishikaki, ila nyumba niliyooneshwa na dalali imepakana na baa, na vioo vya dirisha vilikuwa vikitetemeka kwa muziki tukiwa bado tunajadili kodi ya miezi sita. Mikocheni kumetulia, lakini baadhi ya mitaa hujaa maji wakati wa masika. Masaki sithubutu hata kuuliza bei. Kwa mtu asiye na gari, anayetegemea daladala na mabasi ya mwendokasi, mnanishauri nipange wapi, na hasa mtaa gani?