Kama kani mbili ni sawa, mbona mkokoteni unatembea? Narudia fizikia, naombeni msaada

BintiMikindani

Wakuu, habari za jioni. Niko Mikindani, Mtwara. Kidato cha nne nilipata F ya fizikia, na kozi ya afya ninayoitaka haipokei mtu bila somo hilo, kwa hiyo narudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alfajiri nakaanga maandazi, usiku nasoma. Mdogo wangu wa kiume anasomba maji kwa mkokoteni.

Nimekwama kwenye kanuni za mwendo za Newton. Kuzikariri nimezikariri, hata ukiniamsha usingizini nazitaja zote tatu. Nikiletewa swali ndiyo sijui nishike wapi. Inayoninyima raha zaidi ni ya tatu. Mdogo wangu anauvuta mkokoteni, nao mkokoteni unamvuta yeye kwa kani ileile, upande wa pili. Sawa kwa sawa si zinakatana? Mbona unatembea? Nilimuuliza anayetufundisha tuisheni, akasema "ndivyo ilivyo, andika". Jana nimekaa na daftari mpaka saa sita, taa ikaisha chaji.

Jingine: kuuanzisha mkokoteni ni kazi kweli, ukishashika mwendo unakuwa mwepesi. Ule uzito umekwenda wapi?

Naombeni mnieleweshe kwa Kiswahili. Natanguliza shukrani.

MtiMkavu

Dada, nijuavyo mimi anayevuta anazidi kidogo. Zingekuwa sawa kabisa kitu kisingesogea. Ila kwenye mtihani andika ni sawa, wasahihishaji wanataka hivyo.

MwalimuWaLindi

MtiMkavu ndugu yangu, hapo umempeleka siko. Hazizidiani hata chembe. Mdogo wake akiuvuta mkokoteni kwa newton 175 (newton ndiyo kipimo cha kani), mkokoteni unamvuta yeye kwa newton 175, uwe umesimama, unatembea au unaongeza mwendo.

Binti, swali lako ni zuri na usikubali kuambiwa "andika". Jibu liko hapa: zile kani mbili haziko kwenye kitu kimoja. Moja iko kwenye mkokoteni, ya pili iko mwilini mwa mdogo wako. Kani zinakatana pale tu zinapokuwa kwenye kitu kilekile. Deni la jirani yako halilipiki kwa pesa iliyomo mfukoni mwangu.

Chukua kalamu. Chora mkokoteni peke yake, mtu usimchore kabisa. Kisha jiulize: nini kinaugusa huu mkokoteni, na kinausukuma wapi? Mikono inauvuta mbele. Mchanga na ekseli vinauzuia kwa nyuma. Dunia inauvuta chini, ardhi inaubeba juu, hizo mbili zinamalizana zenyewe. Zilizobaki ni ya mbele na ya nyuma. Ya mbele ikizidi, mkokoteni unaongeza mwendo. Ile kani ambayo mkokoteni unamvutia mdogo wako haimo kwenye mchoro huu hata kidogo.

Sasa mchore yeye peke yake. Mkokoteni unamvuta nyuma. Cha kumpeleka mbele ni nini? Ni ardhi! Nyayo zake zinaisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi inamsukuma mbele. Mwangalie kesho anapoanza kuvuta: ataegemea mbele na vidole vya miguu vitachimba mchanga. Mvishe kandambili zilizolika, msimamishe kwenye sakafu laini iliyomwagiwa maji, mkokoteni hautaondoka, hata awe na misuli kiasi gani.

NahodhaMsangaMkuu

Mimi fizikia niliiachia kidato cha pili, lakini hayo ya mwalimu nayaona kila siku. Maji yakipwa tunapiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Unaisukuma nchi nyuma, mtumbwi unakwenda mbele. Penye kina kirefu pondo haigusi chini, hapo unashika kasia na kusukuma maji. Huwezi kwenda bila kuwa na cha kusukuma.

Abiria wageni nao huwa nawaambia wasiruke kabla sijafunga kamba. Mtu akiruka kwenda nchi kavu, mtumbwi unarudi nyuma papo hapo, naye anatua majini na mizigo yake. Mtumbwi ukiwa mdogo unarudi sana, jahazi wala halistuki.

MwalimuWaLindi

Nahodha, mfano wako nitaupeleka darasani. Binti, ona hapo: msukumo kwa abiria na kwa chombo ni uleule, lakini mtumbwi mwepesi unapata mchapuko mkubwa na jahazi zito linapata mdogo mno. Hapo kanuni ya tatu imekutana na ya pili. Kani ni tungamo (zile kilo za kitu) mara mchapuko, na mchapuko ni kiasi mwendo unavyobadilika kila sekunde.

Tuje kwenye uzito wako "uliopotea". Haukwenda popote. Tuseme madumu 10 ya lita 20, hayo ni kilo 200 za maji, na mkokoteni wenyewe kilo 50. Jumla kilo 250. Mchanga unazuia kwa newton 125. Mdogo wako anavuta kwa 175. Zinabaki 50. Gawa kwa 250, unapata mchapuko wa 0.2, yaani kila sekunde mwendo unaongezeka mita 0.2 kwa sekunde. Baada ya sekunde 5 anakwenda mita 1 kwa sekunde. Sasa akitaka kubaki na mwendo huohuo, avute kwa newton ngapi? Ni 125 tu, za kulipia mchanga. Wepesi mnaousikia ni zile 50 ambazo hazihitajiki tena. Tena kitu kilichosimama mchanga hukishika zaidi kuliko kinachotembea.

Wengi hukwama hapo: wanadhani kinachotembea lazima kuna kani inayokipeleka. Kwenda kwa mwendo usiobadilika, katika mstari ulionyooka, hakudai kani yoyote ya ziada. Kanuni ya kwanza inasema hivyo tu.

DerevaNewala

Naongezea la barabarani. Ukiteremka kutoka Newala kwenda Masasi na lori tupu, ukigusa breki linatii. Lijaze korosho, breki zilezile, mguu uleule, linachelewa kusimama. Utingo wapya ndipo wanapojifunza. Na ukifunga breki ghafla, aliyekaa juu ya magunia anaendelea mbele, maana breki zimeshika lori, yeye hazikumshika.

MtiMkavu

Nimekubali, mwalimu. Miaka yote nilikuwa najua anayevuta anazidi. Lakini huo mtumbwi unaoteleza baada ya kuacha kupiga pondo, si una nguvu iliyobaki ndani yake?

MwalimuWaLindi

Swali zuri, na kosa ni la neno letu "nguvu". Tunakiita hivyo kila kitu. Kinachosukuma au kuvuta ni kani, kipimo chake newton. Kilichomo kwenye mtumbwi unaoteleza ni nishati, kipimo chake juli. Kani haibebwi ndani ya chombo, inakuwapo wakati kitu kimoja kinapokisukuma au kukivuta kingine tu. Binti, ukisoma neno "nguvu" popote, simama uulize kipimo chake.

Na usione haya kujifunzia Kiswahili. Newton alizichapa kanuni hizi mwaka 1687 kwa Kilatini, na kitabu kizima kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1729. Waingereza nao walisubiri tafsiri. Elewa kwa lugha yako, kisha kariri maneno ya Kiingereza ya kujibia mtihani.

Nakupa swali. Mkokoteni uleule wa kilo 250 uko kwenye mita 1 kwa sekunde, mdogo wako akauachia. Mchanga ni newton 125. Utasimama baada ya muda gani?

BintiMikindani

Mwalimu, samahani kwa kuchelewa, leo maandazi yalichelewa kuisha.

Asubuhi nilimfuata mdogo wangu hadi bombani nikamwangalia miguu. Ni kweli, vidole vinazama mchangani na kisigino kinainuka, nyuma yake kunabaki vishimo. Siku zote nilikuwa naangalia mikono.

Nimechora mkokoteni peke yake. Mikono haipo tena. Dunia na ardhi zinamalizana. Imebaki moja tu, ya mchanga, nyuma, 125. Nikagawa kwa 250, nikapata 0.5, nikaweka alama ya kutoa kwa kuwa inapunguza mwendo. Kila sekunde inakula 0.5, na mwendo ulikuwa 1. Jibu ni 2.

MwalimuWaLindi

Ni sahihi, binti yangu, na alama ya kutoa umeiweka bila kukumbushwa. 2 nini? Andika sekunde. Na pale kwenye 0.5 andika mita kwa sekunde mraba. Kesho nakuletea la mteremko, mkokoteni huohuo.