Dada yangu hawezi tena kuomba: je, shaka yake ni dhambi?

Muulizaji, Moshi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mtoto wa kwanza wa dada yangu alifariki mwaka huu kwa saratani ya damu, tukamzika kihambani kwa babu yake. Tulifunga, tukakesha, tukaomba, na madaktari nao walifanya kila walichoweza. Siku za matanga mzee mmoja wa usharika alimwambia dada, mbele ya watu, kwamba uponyaji ulikuwepo ila imani ndiyo iliyopungua. Tangu hapo dada huja ibadani, hukaa mahali pake pa siku zote, na hushika kitabu cha nyimbo kikiwa kimefunguliwa kwenye wimbo unaoimbwa, lakini midomo yake haifunguki. Juzi aliniuliza: "Kama Mungu aliweza kumponya na hakumponya, namtumainia kwa lipi?" Sikuwa na jibu. Je, ni dhambi kumhoji Mungu hivyo?

Mwinjilisti, Machame

Pole sana, ndugu yangu, na umfikishie dada pole zetu. Nianze na neno la yule mzee, kwa kuwa limemtonesha mama aliyefiwa. Bwana wetu mwenyewe, pale Gethsemane, aliomba kikombe kimwondokee, nacho hakikuondoka. Nani atathubutu kusema kwamba imani yake ilikuwa haba?

Kuhusu kuhoji, someni pamoja Mathayo 11. Yohana Mbatizaji, aliyemtangaza Yesu kando ya Yordani, alipokuwa kifungoni alituma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu hakumkemea. Aliwaagiza wakamweleze waliyoyaona na kuyasikia, kwamba vipofu wanapata kuona na viwete wanakwenda, kisha, wajumbe walipokwisha kuondoka, akamsifu Yohana mbele ya makutano kama ambavyo hakumsifu nabii mwingine yeyote. Lakini tusiiruke sehemu iliyo ngumu: mlango wa gereza haukufunguliwa, na Yohana alikatwa kichwa humo humo. Alipewa sababu ya kumtumaini Yesu. Hakuelezwa kwa nini wengine wanaponywa naye anaachwa. Naona dada yako amesimama mahali hapo hapo, na sitamdanganya kwamba naijua sababu. Yohana alilipeleka swali lake kwa Yesu mwenyewe, na mtu anayefanya hivyo hajamwacha Mungu.

Msomaji, Usa River

Naunga mkono, na naomba msiharakishe kumwambia kwamba Mungu ana makusudi yake. Huku Meru tunajua habari za wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliouawa Akeri mwaka 1896, na ni rahisi kusema kwamba damu yao ilikuwa mbegu ya kanisa. Kanisa lipo kweli, nami nalipenda. Lakini baada ya mauaji yale jeshi la Wajerumani lilitoka Moshi kuja kuadhibu, na watu wengi wa Meru na Arusha wakauawa. Kifo cha mama wa Kimeru aliyekufa siku zile kilikuwa mbegu ya nini? Jema linaloonekana baadaye halimjibu aliyekwisha kupoteza. Mimi namtumaini Mungu kwa sababu Mwanawe, msalabani, alilia kwa kuuliza mbona ameachwa, na kilio hicho hakikufutwa katika Injili.

Mama wa Majengo, Moshi

Mdogo wangu, nami nilizika mwanangu, kwa hiyo nasema ninachokijua. Asilazimishwe kuomba. Katika Marko 2 mtu mwenye kupooza alibebwa na wanne, wakatoboa dari wakamteremsha, na imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Mgonjwa mwenyewe hatuambiwi kwamba alisema neno lolote. Basi mbebeni ninyi kwa sasa. Siku atakapotaka maneno, mpe Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kumlilia Mungu na kuishia gizani, bila shukrani hata moja mwishoni. Mimi miezi mingi sikuweza kusoma nyingine.

Muulizaji, Moshi

Asanteni sana. Dada ameisoma Zaburi hiyo mara mbili, akasema hakujua kwamba mtu anaruhusiwa kumwambia Mungu maneno kama hayo. Bado haombi. Lingine: ibada ya jumuiya wiki hii ni nyumbani kwa yule mzee, naye dada amekataa kwenda. Nimshawishi?

Mwinjilisti, Machame

Usimshawishi. Katika Ayubu 42 Mungu aliwakasirikia wale marafiki waliojidai kumtetea, akawaagiza wao waende kwa Ayubu ili Ayubu awaombee. Nenda na mchungaji wenu mkamwone mzee kwanza, mzungumze naye kwa heshima, na akiwa tayari kuomba radhi, yeye ndiye aende kwa dada.